Jambo Tuliloshindwa Kuliandika

Siku ile sebuleni tulikuwemo hawa: Mzee Jotham, msafirishaji wa viatu, ambaye ndiye aliyetuongoza katika ibada, Shangazi Rispa, dada wa marehemu baba yangu, mnunuzi wa jinzi, Dada Phanice, aliyesomea udaktari na kuwa karani wa kikundi cha vijana, Benja, kijana wa Nairobi aliyepakia mizigo ya watu kwenye makontena na ambaye hakujua kukaa bila kutania, Elisha, mwanafunzi wa uhandisi wa maji, kiongozi wa vijana, ambaye kikao kilikuwa kinamhusu, na mimi, msichana mwenye vidole vya buluu. Jikoni, mlango ukiwa wazi, alikuwemo Bi Zuhura wa Unguja. Hakuwa mwenzetu wa kanisa wala hakuwa Mkristo. Alikodi chumba cha nyuma, na Jumapili ile alikuwa akikaanga maandazi.

Juzi nilifungua furushi la jinzi mpya dukani kwangu, harufu ikanirudisha kwao wote kwa pamoja. Ni harufu ya rangi ya buluu ambayo haijakauka vizuri, yenye uchachu kidogo, kama siki iliyomwagika kwenye nguo iliyopigwa pasi. Mteja alikuwa akinisemesha nikawa simsikii. Nilikuwa nimerudi Guangzhou, kwenye fleti ile iliyokuwa juu ya duka la samaki wakavu, feni inazunguka, mvua inapiga vyuma vya dirisha, na mtu ninayempenda ameketi mbele yangu akingoja kuhukumiwa.

Wa rika langu mtakumbuka jinsi China ilivyotajwa kwetu miaka ile. Kila mtu alikuwa na binamu aliyekwenda na kurudi na kontena. Mimi sikwenda kutafuta kontena. Wazazi wangu walifuatana kaburini, na baada ya matanga ya mama jamaa walikaa sebuleni kutugawa. Mdogo wangu Wafula akapewa baba mdogo. Nafula, aliyekuwa bado ananyonya kidole, akapewa bibi. Mimi nikapewa Shangazi Rispa, kwa sababu nilikuwa mkubwa na nilikuwa na mikono. Wakati wakiyapanga hayo nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Waliniuliza kama chai ina sukari. Hilo tu ndilo waliloniuliza.

Basi nikaacha shule kabla ya kumaliza la nane, nikapanda ndege. Kazi yangu ilikuwa Xintang, pembeni mwa Guangzhou, kwenye karakana za jinzi. Shangazi alikuwa akibishana bei na laoban, yaani bosi wa karakana, mimi nikigeuza suruali ndani nje, nikijaribu zipu, nikivuta nyuzi zilizobaki. Jioni vidole vilikuwa buluu mpaka kwenye kucha. Niliosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mchanga wa kusugulia sufuria. Buluu haikutoka. Ujira wangu Shangazi aliupeleka moja kwa moja nyumbani, ukawa sare na vitabu vya wadogo zangu, na hilo lilinitosha.

Kitu kimoja tulichokiogopa sote kilikuwa viza. Ya Shangazi ilikwisha, yangu ikafuata. Askari walikuwa wakisimamisha watu wa rangi yetu barabarani na kudai pasipoti, na wakati mwingine walipanda ngazi na kugonga milango. Watu wazima walilizungumza jambo hilo kwa sauti ya chini bila kulitaja jina. Walisema "mambo ya fulani", au "hali ya fulani", au "yamemkuta". Nikajifunza kwamba mtu mzima akishusha sauti na kuacha sentensi njiani, anazungumzia viza. Kwa umri wangu na mahali pale, sikuona kitu kingine duniani kilichostahili kunong'onezwa hivyo.

Sisi tulikuwa Marafiki, wale ambao kwingine huitwa Quaker. Kwetu magharibi mwa Kenya ni kanisa la kawaida lenye kwaya na mahubiri, lakini Guangzhou hatukuthubutu kuimba, majirani wasije wakalalamika. Kwa hiyo tulishika ile desturi ya zamani ya kanisa letu, ya kukaa kimya mpaka mtu aguswe na kusema. Tulikaa kimya kwa sababu mbili, na mimi sikujua ipi ilikuwa ya Mungu na ipi ya polisi. Nilidhani kimya chenyewe ni kujificha. Mtu akikohoa nilimtazama kwa hasira, nikiona anatuuza.

Baada ya ibada vijana walikuwa na kikundi chao. Mwanzoni kilikuwa cha wanafunzi wa vyuo. Shangazi alinikataza kuingia.

"Huyu hana shule," alisema. "Atakaa hapo afanye nini, awahesabie vitabu?"

"Shangazi, kikundi kinaitwa cha vijana," Elisha akamjibu kwa upole. "Yeye ni mzee?"

Benja akadakia, "Ukiangalia hiyo mikono, siz ana miaka hamsini."

Elisha hakucheka. Alivuta kigoda cha plastiki chekundu, akakiweka kati yake na Phanice, akanionyesha kwa kichwa. Nikaketi. Tangu siku hiyo kigoda kile kilikuwa changu, na mtu mwingine akikikalia Elisha alimwinua. Ndiye aliyenieleza utaratibu wetu. "Humu hatupigi kura, mdogo wangu. Karani huuliza kama tumeridhika. Mmoja akiwa hajaridhika, tunangoja. Hata awe ni wewe."

"Hata niwe mimi?"

"Hasa wewe. Wewe husemi ovyo."

Nililala na maneno hayo. Nilijiwazia nyumbani, na sinia la chai mkononi, karani akinigeukia mlangoni na kuniuliza kama nimeridhika Wafula aende kwa baba mdogo.

Wiki moja kabla ya kikao nilikuwa nimelala nyuma ya pazia lililogawa chumba chetu, mchana, nina homa. Mzee Jotham alikuja kumwona Shangazi.

"Nimemuuliza mwenyewe," alisema. "Nilimpelekea habari za binti wa mchungaji kule nyumbani, akakataa. Nikamuuliza sababu. Rispa, hakuficha. Ameniambia hali yake waziwazi."

"Yesu! Si angenyamaza?"

"Mrafiki akiulizwa hujibu. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo shule ya Jumapili."

Shangazi akashusha sauti. "Wakijua nyumbani?"

"Kanisa ndilo lililomwombea nafasi ya masomo. Watamrudisha. Na mama yake ataambiwa mbele ya watu."

Nyuma ya pazia nilijifunika shuka mpaka kichwani. Nilielewa yote, au hivyo nilivyodhani. Viza ya Elisha imekwisha, amekiri, na sasa atarudishwa.

Ndiyo tukafika Jumapili ile. Mzee Jotham aliomba kikao cha vijana kikae na wazee wawili, yeye na Shangazi. Tulianza kwa kimya. Mafuta ya Bi Zuhura yalikuwa yakichemka jikoni, na harufu ya iliki ilikuwa ikiingia taratibu. Elisha alivaa shati jeupe. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imefunguka, kama ya mtu anayengoja kupewa kitu.

Kisha tukasikia viatu kwenye ngazi. Vizito, vikipanda bila haraka. Shangazi aliufumbata mkoba wake uliokuwa na pasipoti. Benja akatazama dirisha lenye vyuma, akaona haliwezekani. Viatu vikasimama mlangoni petu. Mlango ukagongwa.

Elisha akainuka. Siku zote ni yeye aliyeinuka. Mkataba wa nyumba ulikuwa kwa jina lake, Kichina chake kilikuwa safi, na alijua kumsalimia askari mpaka askari akasahau alichofuata. Alifunga shati kifungo cha juu, akafungua. Tukasikia Kichina, kisha kicheko. Akarudi amebeba mtungi wa maji ya kunywa begani.

"Ni mtu wa maji," alisema, akauweka chini, akaketi tena mahali pale pa kuhukumiwa.

Hakuna aliyemshukuru. Nakumbuka hilo lilinishangaza.

Mzee Jotham alizungumza kwa muda mrefu. Alisema ana uchungu. Alisema alimjua Elisha tangu akiwa hana meno ya mbele, na kwamba mtu humwonya mtoto anayempenda. Alisema jambo hili likiachwa, kikundi kitapata jina baya, na wazazi hawatatuma tena vijana wao kwetu. Ombi lake lilikuwa Elisha aondolewe katika uongozi na katika kikundi, na kanisa la nyumbani lijulishwe. Katika maneno yake yote hakulitaja jambo lenyewe. Alisema "hali hii", "mwelekeo huu", "mambo haya". Kila aliposhusha sauti nilizidi kuwa na hakika.

Shangazi akasema yeye hana la kuongeza, ila hapa kuna mtoto mdogo wa kike na ni lazima mtu afikirie. Mtoto mdogo wa kike nilikuwa mimi. Nilitazama vidole vyangu.

"Elisha?" Phanice akauliza.

"Niliulizwa, nikajibu," Elisha akasema. "Jibu langu halijabadilika."

Phanice alianza kuandika. Kwetu kumbukumbu za kikao huandikwa palepale, husomwa kwa sauti, na husimama pale tu wote wakiridhika nazo. Mkono wake haukuwa na haraka. Alisoma: "Kikao kimeona kwamba, kutokana na hali yake, Rafiki yetu Elisha hataendelea kuwa miongoni mwa vijana, na kwamba kanisa la nyumbani lijulishwe." Akainua macho, nayo yalikuwa yamejaa machozi. "Marafiki, mmeridhika?"

"Nimeridhika," akasema Mzee Jotham.

"Nimeridhika," akasema Shangazi.

Benja alikuwa akikwaruza rangi ya ukuta kwa ukucha. Baadaye sana, kama mtu anayesukumwa, akasema, "Sawa tu."

Nilisimama, na kigoda kikaanguka.

"Mimi sijaridhika."

"Keti chini!" Shangazi akafoka. "Nani amekuuliza wewe?"

"Mimi nimemuuliza, Shangazi," akasema Phanice. "Nimeuliza wote."

Nilisema upesi, kabla sijanyamazishwa. "Viza kwisha si dhambi. Yangu imekwisha. Ya Shangazi ilikwisha kabla ya mvua. Ya Benja imekwisha—"

"We! Mtoi, mimi niache nje!"

"Na wewe, Mzee, ulipoogopa hoteli kwa sababu wanadai pasipoti, si ulilala hapa kwetu, Elisha akakupa kitanda chake akalala chini? Mbona sisi hatuandikwi? Mkimwandika yeye peke yake, mtuandike wote. La sivyo sijaridhika, na hata kesho nitakuwa sijaridhika."

Mvua ilikuwa imeacha, na jikoni mafuta yamenyamaza. Kila mtu alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Hawakuwa na hasira. Walionekana kama watu waliojiandaa kubeba gunia zito wakalikuta jepesi, wakayumba.

Bi Zuhura alitokea mlangoni, upawa mkononi. "Viza? Nani kakwambia viza, mwanangu? Nyumba hii yote karatasi iliyo hai ni ya huyo huyo mnayemkalia kitako! Sie wengine sote twaishi ubavuni mwake. Akitoka leo, kesho askari akigonga nani atafungua? Mie na upawa?"

"Mama Zuhura," akasema Mzee Jotham kwa heshima, "hiki ni kikao cha Marafiki."

"Hewala, baba. Na maandazi ni ya nani?"

Benja alicheka, akaziba mdomo. Mzee Jotham akanigeukia. Uso wake ulikuwa umechoka. "Binti yangu, umechanganya. Si viza."

"Ni nini basi?"

Akaitazama kofia yake. Nikamtazama Shangazi, akatazama mkoba wake. Nikamtazama Benja, ambaye alikuwa na la kusema juu ya kila kitu, akawa hana.

"Mwambieni," Elisha akasema. Sauti yake haikupanda. "Ni mwanachama. Ameuliza. Semeni, Mzee."

Mzee Jotham alifungua mdomo. Nilimwona akilitafuta neno, akiligeuza, akilirudisha. Hakuwa mwoga. Nadhani maneno aliyokuwa nayo yote yalikuwa ya matusi, na hakuweza kumtukana Elisha uso kwa uso, mtoto aliyemjua kabla ya meno. Alifunga mdomo. Tulingoja. Nimekaa katika vimya vingi tangu hapo, lakini sijawahi kukaa katika kimya kama kile.

Phanice aliweka kalamu chini. "Kama hatuwezi kulisema mbele yake," alisema, "sioni nitakavyoliandika. Hatujaridhika. Jambo hili linangoja."

Akakata mstari juu ya alichoandika. Mzee Jotham alisimama, akachukua kofia yake. Alipofika mlangoni Bi Zuhura alimwekea maandazi ya moto mkononi, yakiwa yamefungwa gazeti, naye akayapokea.

Shangazi hakunipiga. Alininunia siku nyingi, akinipa kazi kwa kunyooshea kidole, kisha akachoka. Mzee Jotham hakuja tena Jumapili. Angeweza kupiga simu nyumbani kwa mkono wake mwenyewe na kumaliza kila kitu. Hakupiga. Kikao kilisema jambo linangoja, naye alikuwa Mrafiki kweli, hakuzunguka nyuma ya kikao. Namheshimu kwa hilo hata leo. Jambo lile liliendelea kungoja mpaka Elisha akamaliza masomo, akapata kazi katika nchi nyingine. Alipaki nguo zake akaniachia kigoda.

Lakini kabla ya hapo, kesho yake baada ya kikao, Elisha alikuja Xintang. Aliketi karibu nami katikati ya milima ya suruali, akachukua moja, akaanza kuvuta nyuzi kama nifanyavyo mimi, ila polepole.

"Uliuliza, hawakukujibu," alisema. "Nitakujibu mimi. Nawapenda wanaume. Vile wenzangu wanavyopenda wasichana na kutaka kuoa. Nimekuwa hivyo tangu zamani. Ndilo jambo lenyewe."

Nilikuwa nimefundishwa, kama sote, kuogopa jambo hilo hata kabla ya kulifahamu. Nilivuta uzi mmoja mrefu, ukaja na mshono. Suruali nzuri nikaiharibu.

"Na viza yako?" nikauliza.

"Nzima."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimalize chuo."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikampa suruali nyingine. Alipoondoka vidole vyake navyo vilikuwa buluu, akavitazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

"Jumapili utakuja?" aliuliza.

"Kigoda si changu?"

Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mzima. Wafula ni mwalimu, Nafula ana watoto wake. Niliwakusanya tena wote wawili kwenye nyumba moja kabla hawajatawanyika kwa hiari yao, kama watu wanavyopaswa kutawanyika. Sasa nina duka, na nina nafasi yangu katika mkutano wa kila mwezi wa Marafiki wa kwetu, kwenye benchi la tatu upande wa dirisha.

Elisha hunipigia simu mara kwa mara. Safari moja tulikumbushana ile Jumapili, tukacheka mpaka mteja akachungulia.

"Ulinitetea kwa kosa ambalo sikulifanya," alisema.

"Na lile jingine?"

Kicheko chake kikakatika. "Lile jingine si kosa, mdogo wangu."

Nilishika simu nikanyamaza. Alikuwa amesema kweli, na kimya changu kilikuwa kirefu kuliko nilivyotaka, kwa sababu ndipo nilipoona jambo ambalo nilikuwa sijaliona miaka yote hiyo. Watu husema nilisimama kwa ajili ya Elisha. Bi Zuhura alilisimulia mpaka Unguja. Lakini msichana yule alisimamia viza.

Mama yake Elisha amezeeka, naye anataka kurudi kumtunza. Ameomba ushirika wake uhamishiwe kwetu, na katika ombi lake amejieleza waziwazi bila kuzunguka, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Karani wetu amelisoma kimyakimya, akalikunja, akasema litafika kikaoni wakati wake. Kwenye ua wa kanisa tayari watu wanashusha sauti na kuacha sentensi njiani. Sasa najua wanazungumzia nini. Mimi nimelisema kwa maneno yake yote, kwa karani, kwa Wafula, kwa wanawake wa benchi langu, na wengine wamehama benchi.

Swali lenyewe bado halijaulizwa. Mpaka karani atakapoinua macho kutoka kwenye karatasi na kusema, "Marafiki, mmeridhika?", bado nadaiwa na Elisha kusimama mara moja nikiwa najua.